Damu Ipo, Njia Ndiyo Nyembamba

Mwezi wa Mei mwaka wa 2022 ilikuwa imepita miezi mitano tu tangu nihitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili, na sikuona haya kujiita mwana wa lugha. Kijijini kwetu, katika pwani ya kusini ya Kenya, mtu akipata barua ya serikali, au dawa yenye maandishi madogo madogo ya Kiingereza, alielekezwa kwangu. Nami nilifasiri. Nilifasiri kwa majivuno ya kijana aliyesoma nadharia za tafsiri na kufaulu mtihani wake, bila ya kuwahi kujiuliza tafsiri yake imemfanya nini msikilizaji. Makala haya ni maungamo kuhusu fasiri moja niliyoitoa katika chumba cha daktari. Ilikuwa na maneno manne tu, na hadi leo, nikiwa katika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, sijapata kuisahau.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, alikuwa mja mzito wa wiki 30. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza, iliyokuja baada ya miaka minne ya ndoa na maneno mengi ya watu. Muuguzi wa zahanati ya kijijini, kila alipompima tumbo kwa utepe, alikuta kwamba wiki zinakwenda ilhali tumbo limesimama pale pale. Ndipo akamwandikia barua ya kwenda mjini. Shemeji alikuwa kazini Mombasa, kwa hivyo nikamsindikiza mimi. Daktari alimpaka dada mafuta baridi tumboni, akapitisha mashine ya picha, akapima kichwa cha mtoto, akapima tumbo, akapima mfupa wa paja. Kisha akabonyeza mahali na chumba kikajaa sauti, fyu, fyu, fyu, kama upepo upitao katika tundu la ufunguo. Hicho ndicho kipimo cha Doppler. Aliitazama michoro iliyokuwa ikipanda na kushuka kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akanigeukia mimi, si dada, akaniambia kwa Kiingereza cha haraka kwamba mtoto anakadiriwa kuwa na gramu 1,050, ambazo ni chache mno kwa umri wake; kwamba mishipa ya kondo la nyuma ina ukinzani mkubwa; na kwamba ni lazima kipimo kirudiwe baada ya siku saba, pasi na kukosa. "Mwelezee," akamalizia. Nje palikuwa na foleni ya akina mama wapatao ishirini. Simlaumu.

Nilimgeukia dada nikamwambia, "Damu haimfikii mtoto vizuri. Turudi wiki ijayo."

"Damu?" aliniuliza.

"Damu," nilimjibu, nikamshika mkono kumsaidia kushuka kitandani. Mazungumzo yetu ya kitabibu yakaishia hapo.

Sasa nikumbuke, msomaji mpendwa, ni nini kilichotokea kwa neno hilo baada ya kutoka mdomoni mwangu. Kwetu, damu ya mja mzito ina habari moja tu inayozungumzwa: iko juu au iko chini. Mwenye damu chini hula mchicha, mnavu, maini na ndengu. Humeza vidonge vyekundu vya kliniki, na akijaliwa, hupanda. Dada alifika nyumbani akaanza kazi ya kupandisha damu kwa bidii ya mwanafunzi anayekaribia mtihani. Mavyaa wake, mama mwenye huruma asiyemwonea mkaza mwanawe, aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa. "Chango hilo, mwanangu," alisema. "Chango hunywa damu ya mwana tumboni." Akachemsha mizizi yake. Mimi nilikuwapo. Nilisikia yote mawili, mchicha na chango, na sikuona kosa lolote isipokuwa ushirikina wa mizizi, ambao niliudharau kimoyomoyo.

Siku ya sita dada alikwenda zahanati kupimwa damu. Ilikuwa 11.8. Muuguzi alimwambia kwa furaha kwamba damu yake ni safi, wala haijapungua hata kidogo. Nauli na kipimo cha mjini vilikuwa vimemgharimu shemeji zaidi ya shilingi 5,000, na mwezi ulikuwa katikati. Dada alinipigia simu. "Damu iko sawa, mdogo wangu. Hakuna haja ya kwenda kule tena." Nilifurahi pamoja naye. Wallahi nilifurahi.

Siku saba zikapita, na nyingine saba juu yake. Katika wiki ya 32, alfajiri moja, dada aligundua kwamba mtoto hachezi kama alivyozoea kucheza baada ya chai. Akalala ubavu wa kushoto, akangoja. Mtoto akagusa mara moja, akatulia. Tulifika hospitali ya rufaa kabla ya adhuhuri. Safari hii sauti ya Doppler ilikuwa tofauti hata masikioni mwangu, fyu fupi iliyofuatwa na mkwaruzo, na daktari hakunieleza chochote cha kufasiri. Alimwambia muuguzi amchome dada sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ya kwanza kati ya mfululizo ambao kwa kawaida hukamilika kwa siku mbili. Hatukupata siku mbili. Usiku ule ule mapigo ya moyo wa mtoto yalianza kushuka, na saa sita kasorobo mpwa wangu alitolewa kwa upasuaji. Alikuwa na gramu 1,180.

Nilimwona kesho yake kupitia sanduku la kioo alimotiwa joto. Kichwa kilikuwa kikubwa kikilinganishwa na mwili, tumbo limebonyea, ngozi ya mapaja imelegea kama nguo ya kuazima, na uso wake ulikuwa na mikunjo ya mzee aliyeona mengi. Alikuwa akipumua kwa msaada wa mrija uliosukuma hewa puani. Muuguzi mmoja wa kitengo cha watoto wachanga, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniona nimesimama pale muda mrefu, akaniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nikamwambia mimi ndiye mama mdogo. Na sijui kwa nini, nikamweleza pia juu ya maneno yangu manne.

Hakunifariji. Alichukua karatasi, akachora. Nimeihifadhi karatasi hiyo hadi leo katika kabrasha la tasnifu yangu. Alichora duara, akaliita kondo la nyuma. Ndani yake akachora kitu kama mizizi ya mikoko. Chini yake akachora vijia vilivyojisokota vinavyoingia kutoka ukuta wa mji wa mimba. "Damu ya mama huingia hapa," alisema, "ikajaa kama maji ya bahari yanavyojaa mikokoni. Damu ya mtoto imo ndani ya mizizi. Hazichanganyiki. Mtoto huvuta hewa na chakula kupitia ngozi ya mizizi." Akanitazama juu ya miwani. "Damu ya dada yako haikuwa na neno. Damu ipo. Njia ndiyo nyembamba."

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Sentensi yangu ilikuwa na kosa juu ya kosa. Kwanza, damu ya mama haimfikii mtoto hata katika mimba iliyo salama kabisa, kwa hiyo kusema "haimfikii vizuri" ni kueleza ugonjwa ambao haupo. Pili, kile alichopima daktari siku ile hakikuwa damu ya mama hata kidogo. Ilikuwa damu ya mtoto mwenyewe, ikisukumwa na moyo wake mdogo kupitia kiungamwana kuelekea kwenye kondo. Na tatu, ambalo ndilo linaloniuma kama mwanafunzi wa lugha, niliiweka damu mahali pa kiima. Niliifanya damu kuwa mtenda aliyeshindwa kazi. Dada, kwa akili timamu kabisa, akashughulika na yule aliyetajwa. Angalipewa njia kama kiima, angalijua kwamba mchicha haupanui njia, na kwamba anayeweza kuiangalia njia ni yule mwenye mashine, siku ya saba, kwa shilingi zozote ziwazo.

Tangu siku hiyo nimesoma mengi juu ya njia hiyo kuliko nilivyosoma juu ya baadhi ya riwaya nilizotahiniwa. Maktaba ya chuo ina rafu za tiba ambazo wanafunzi wa Kiswahili hatuzikaribii, na wahudumu wake walianza kunizoea. Mambo niliyoyakuta yalinistaajabisha kwa jinsi yalivyo ya kimwendo, ya maji na mabomba, kuliko ya damu yenyewe.

Mathalani, ateri zile zilizojisokota katika ukuta wa mji wa mimba, ambazo mimi huziita ateri-msokoto (na mwenye jina bora na alilete), huanza zikiwa nyembamba na zenye misuli inayoweza kubana. Katika miezi ya mwanzo ya mimba, chembechembe za kondo huzivamia. Ndiyo, huzivamia: huingia katika kuta zake, zikaondoa ile misuli na ule unyumbufu, zikaziacha zimelegea na kupanuka mdomoni kama faneli, mara kadhaa ya upana wa awali. Mwaka wa 1967 Ivo Brosens na wenzake, Robertson na Dixon, ndio walioyaeleza mabadiliko haya kwa makini, na mwaka wa 1972 wakaonyesha kwamba katika mimba zenye shinikizo la damu linaloandamana na kifafa cha mimba uvamizi huo huwa wa juujuu tu. Hali kadhalika hutokea katika mimba nyingi ambazo kijusi hudumaa, hata shinikizo la mama lisipopanda. Kwa nini chembechembe za kondo moja huzama na za jingine zikaishia mlangoni, ni jambo ambalo sayansi bado inalifukuzia.

Nilidhani, kama ambavyo mtu yeyote angedhani, kwamba faida ya kupanuka ni kupitisha damu nyingi zaidi. Graham Burton wa Cambridge na wenzake walipiga hesabu mwaka wa 2009 wakaonyesha kwamba kupanuka kwa ile midomo hufanya hasa kazi nyingine, nayo ni kuipunguzia damu kasi. Kwa makadirio yao, damu ambayo ingalitoka kwa mwendo wa mita 1 hadi 2 kwa sekunde hutoka kwa takriban sentimita 10 tu. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira wa maji anajua: ukiuachia mdomo, maji hutiririka na udongo hunywa, ukiuziba nusu kwa kidole gumba, maji huruka kwa kishindo na kuchimba shimo. Ndivyo ilivyo katika kondo. Ateri isiyopanuka huirusha damu kama mshale, ikaipigapiga ile mizizi myororo, ikaitenganisha, na damu ikapita haraka mno kabla mtoto hajaambulia kitu. Aidha, kwa kuwa misuli haikuondolewa, ateri hubana na kuachia, leo mafuriko, kesho ukame. Nilikulia kando ya hori lenye mikoko. Nimeona mahali ambapo maji hupita polepole mikoko hustawi, na pale mkondo ulipobanwa na daraja, mizizi imebaki wazi hewani kama mifupa.

Kuna na hesabu ya Poiseuille. Huyu alikuwa daktari Mfaransa ambaye katika miaka ya 1840 alionyesha kwamba mmiminiko katika bomba jembamba hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo chake. Nilirudia sentensi hiyo mara nyingi, maana hesabu si mali yangu. Maana yake ni kwamba ukipunguza upana wa njia kwa nusu, hupati nusu ya mmiminiko; unapata sehemu moja ya 16. Mtu anaposema "nyembamba kidogo" katika habari za mishipa, neno "kidogo" limebeba mzigo usio wake.

Ama ile sauti ya fyu, asili yake ni ya mbali. Christian Doppler aliandika nadharia yake mjini Prague mwaka wa 1842 akizungumzia rangi za nyota pacha. Ilichukua miaka 135 hadi FitzGerald na Drumm, kule Dublin, waitumie mwaka wa 1977 kusikiliza mwendo wa damu katika kiungamwana. Kinachosikilizwa ni hiki: moyo wa mtoto hupiga, damu ikaenda, kisha hupumzika. Katika pumziko hilo damu inapaswa kuendelea kwenda mbele, kwa sababu mishipa ya kondo ni laini na mingi na haiikatalii. Kwenye kioo, mchoro hupanda, ukashuka bila kugusa mstari wa chini. Mishipa ya kondo ikiwa michache au imebana, mchoro hushuka chini zaidi. Ikizidi, hugusa mstari: damu imesimama baina ya pigo na pigo. Ikizidi tena, huvuka mstari ukaenda chini yake: damu inarudi ilikotoka. Siku ya kwanza mchoro wa mpwa wangu ulikuwa umeshuka lakini haujagusa. Katika wiki ya 32 ulikuwa umevuka.

Na kile kichwa kikubwa? Mtoto alikuwa ameamua, kama ni sawa kutumia kitenzi hicho kwa kiumbe ambaye hajazaliwa. Oksijeni inapopungua, kijusi hupanua mishipa ya ubongo na kubana ile ya matumbo, figo na miguu. Ni kama nyumba yenye njaa inavyompa mgonjwa sahani ya kwanza. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu, nikatoka nje.

Wahadhiri wangu watauliza, na mmoja kweli aliuliza nilipomsimulia, iwapo tatizo si ukosefu wa istilahi. Nakubali kwa nusu. Tazama neno "mshipa": ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, na ni ule mshipa wanaoutaja wanaume kwa sauti ya chini wakiugua ngiri. Tazama "kondo", ambalo wengine husema kondo la nyuma, wengine kondo ya nyuma, wengine zalio, na ambalo likisimama peke yake katika Kiswahili cha kale lina maana ya vita. TUKI ilituchapishia Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka wa 1990, na orodha za istilahi zimeendelea kuongezeka katika rafu zetu. Lakini lau ningalimwambia dada "ukinzani wa ateri za kiungamwana", kwa usanifu wote huo, angaliitikia "ehe" kwa adabu na kwenda zake nyumbani kula mchicha ule ule. Yule muuguzi hakutumia istilahi hata moja. Alitumia nomino mbili ambazo kila mtu anazo, na akaziweka kila moja mahali pake. Naona sisi wa vyama vya Kiswahili tumelishughulikia sana jina la kitu, na kitenzi tumekiacha kijitafutie.

Tena hata wataalamu wenyewe hawakulipata jambo hili kwa wepesi. Kwamba damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki kulidhihirishwa katika karne ya 18 na William Hunter na mdogo wake John, Waskoti waliofanya kazi London. Kitabu cha William cha michoro ya mji wa mimba kilitoka mwaka wa 1774. Mwaka wa 1780 John alitangaza kwamba ugunduzi wa kondo ulikuwa wake, na ndugu hao wakafarakana. Ndugu wa damu moja waligombana juu ya damu zisizokutana! Kisa hicho nilimsimulia dada, akacheka, mara ya kwanza tangu upasuaji.

Je, zile siku saba zilizopotea zilimgharimu nini mpwa wangu? Nilimuuliza daktari wa watoto. Alinijibu kwamba kondo lingeendelea kuharibika vivyo hivyo, na pengine angezaliwa wiki ile ile au hata mapema; lakini mfululizo wa sindano za mapafu ungekamilika, na zile siku tano za mrija wa hewa huenda zingekuwa mbili, au zisingekuwapo. "Huenda," alisema. Nimeishi na "huenda" hiyo. Dada hajawahi kunilaumu, nilipomweleza kosa langu alisema, "Ulinifasiria ulichokielewa." Sijui kama hilo ni msamaha au ni uhakiki.

Mtoto alikaa hospitalini siku 46. Mrija ulipotolewa na hali yake ilipotulia, alikaa kifuani mwa mama yake ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kanga, kwa njia ambayo Edgar Rey Sanabria aliianzisha mjini Bogotá mwaka wa 1978. Mavyaa alichukua zamu yake pia, akamfunga kifuani mwake saa nzima nzima huku akimwimbia, na lile neno la chango halikutajwa tena na yeyote. Alitoka akiwa na gramu 1,920. Sasa anakimbiza kuku.

Mwaka wa 2025 dada alipata mimba tena. Daktari, safari hii mwingine, alimwanzishia vidonge vidogo vya aspirini kabla ya wiki ya 16, ambavyo hupunguza uwezekano wa hali ile kurudi, akamwambia atapimwa njia mara kwa mara. Katika wiki ya 28 nilimsindikiza. Alipanda kitandani mwenyewe, akapakwa mafuta baridi, na ile sauti ikaanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa fasiri; nilikuwa nimeiandika hata kwenye daftari. Dada hakuningoja.

"Daktari, njia iko vipi?" aliuliza.

Daktari alinitazama mimi, kana kwamba anasubiri nimweleze alichoulizwa. Nikanyamaza. Akakigeuza kioo kumwelekea dada, akaweka kidole kwenye bonde lililo kati ya kilele na kilele.

"Iko wazi, mama. Unaona hapa? Haifiki chini."

Dada aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akatazama kwa muda, akasema anaona.